Viti vya mninga vya mama mkwe

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Tabata Segerea. Sebule yetu ni meta 3 kwa 3.5. Tuna viti vya mninga alivyotuachia mama mkwe, vya tangu miaka ya 1980: vizito, vanishi imepiga weusi, mito imebonyea. Kila sebule nzuri ninayoiona mtandaoni ina kochi la kona la velveti ya kijivu. Fundi amekubali kuvichukua viti vyote, mimi niongeze pesa anitengenezee kochi hilo. Mume wangu hasemi kitu, ila naona roho inamuuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usivitoe. Nakujibu hilo kwanza, fundi asije akafika na kirikuu chake kabla hujamaliza kusoma.

Baba yangu alikuwa seremala Keko, nimekulia kwenye maranda. Mninga alikuwa akiusifu kwa jambo moja: ukishakauka sawasawa, umetulia. Haujikunji masika yakija, na kiini chake hakishambuliwi kirahisi na wadudu. Kwa mji wetu huu wenye joto na hewa ya chumvi, hiyo ni sifa kubwa. Kochi utakalopewa badala yake, ndani yake hukuoni. Mara nyingi ni mbao nyepesi za paini, wakati mwingine mabaki yaliyoungwaungwa, kisha velveti inafunika yote. Fundi huyo anajua anachokichukua kwako.

Mwenyewe niliwahi kununua stendi ya TV ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, nyeupe, inang'aa. Masika maji yakapita chini ya mlango, hayakufika hata kwenye kifundo cha mguu. Kesho yake miguu ya stendi imevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na haikurudi tena. Benchi la mninga la marehemu baba lilisimama kwenye maji yale yale, nikalifuta, nikalianika kivulini. Ninalikalia ninapokuandikia.

Sasa kuhusu fasheni, maana sikulaumu kwa kutaka sebule ipendeze. Kijivu kilitawala miaka mingi, na sasa kinapisha rangi za joto: maziwa, udongo, kahawia, kijani cha majani. Tena viti vinavyoonyesha mbao zake, mikono na miguu wazi, mito ya kutoa na kurudisha, vimerudi kwa nguvu. Yaani hivyo hivyo vya mama mkwe.

Tafuta fundi avipige msasa mpaka vanishi ile nyeusi iishe na wekundu wa mninga utokee, kisha apake vanishi isiyong'aa. Mito ya zamani tupa. Nunua sponji nzito, inchi 4 au 5 za kukalia, na usinunue kwa kuambiwa. Kandamiza kwa ngumi mpaka chini, achia, uone inavyorudi. Inayojivuta polepole itabonyea kabla ya mwaka. Kitambaa nenda Kariakoo ukakishike kwa mkono wako. Velveti kwa Dar ya Januari, umeme ukikatika na feni imesimama, itakugandia mapajani. Chukua pamba nzito au kitambaa cha jinzi, na kila mto uwe na zipu, kwa sababu una watoto na foronya zitafuliwa kila wiki. Mito midogo ya kuegemea ivalishe kitenge. Ukikichoka, unabadilisha kwa pesa ndogo.

Kama moyo bado uko kwenye kochi la kona, fanya jaribio hili leo jioni. Kanga moja ina urefu wa kama meta moja na nusu. Tandika kanga zako sakafuni kwa umbo la kochi, ukikunja upana ubaki sentimeta 90, upande mmoja meta 2.5, wa pili meta 1.8. Weka na meza ya kahawa. Halafu mwambie mwanao apite kwenda chumbani na sinia la chakula. Utaona mwenyewe njia iliyobaki. Na upime mlango wa kuingilia pia. Nimeshuhudia kochi jipya likilala barazani siku tatu kwa sababu ya sentimeta chache.

Mumeo mwite mchague kitambaa pamoja. Hivyo ni viti alivyokalia mama yake.

SWALI: Shangazi, ukuta wa sebule yangu Kigogo unabanduka rangi kwa chini. Nibandike karatasi za ukutani zenye maua?

JIBU: Hapana. Rangi inayobanduka kuanzia chini mara nyingi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini au bomba linalovuja ndani ya ukuta. Ukifunika, ukungu utaota nyuma ya karatasi na wanaolala humo wanaweza kuanza kukohoa. Mwonyeshe mwenye nyumba, plasta iliyooza ikwanguliwe, ukuta uachwe ukauke kabisa ndipo upakwe rangi. Kabati na kochi zikae mbali kidogo na ukuta huo, hewa ipite. Ukuta ukishapona, tundika picha ya Tingatinga badala ya maua ya karatasi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, na wanaoendeleza kazi yake bado wako Oyster Bay. Picha moja kubwa inatosha ukuta mzima.