Hesabu saa, usihesabu matamasha: kuishi kwa muziki mpya wa chemba

Kikundi cha muziki wa chemba (wapigaji wachache, kila mmoja na sehemu yake) kikialikwa kupiga kazi mpya, swali la kwanza huwa ni malipo kiasi gani. Hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni: kwa saa ngapi? Kwarteti ya Haydn ambayo wote wanne waliizoea tangu chuoni husimama kwa mazoezi mawili au matatu. Kazi ya dakika 12 ambayo wino wake haujakauka, yenye robo toni (sauti zilizo katikati ya vitufe vya piano) na midundo iliyopachikwa ndani ya midundo, ina hesabu yake tofauti kabisa.

Tuipige hesabu hiyo kwa kwarteti ya nyuzi (fidla mbili, viola na chelo). Kila mpigaji peke yake, saa 15. Wote pamoja, saa 12. Kukaa na mtunzi, saa 3. Kupima sauti ukumbini, saa 2. Hizo ni saa 32 kwa mtu, na kwa watu wanne ni saa 128, zote kwa ajili ya dakika 12 za jukwaani. Sasa weka tarehe nyingine nne ndani ya mwaka huohuo. Kila marudio yatadai saa 2 za mtu peke yake, 3 za pamoja na 2 za ukumbini, yaani saa 28 kwa kikundi. Jumla ya maonyesho matano ni saa 240, wastani wa saa 48 kwa kila onyesho. Kutoka 128 hadi 48: hapo ndipo kikundi kinapoishi au kinapozama, na wengi huzama wakiwa na kalenda iliyojaa maonyesho ya kwanza.

Kumbi hupenda kutangaza "kwa mara ya kwanza duniani". Onyesho la pili halina tangazo, kwa hiyo halina anayelililia. Usikubali onyesho la kwanza kabla hujapata angalau tarehe mbili zaidi, hata zikiwa ndogo: darasa la chuo, ukumbi wa jirani, tamasha la mwaka unaofuata. Njia nyingine ni kuagiza kazi kwa ushirika: vikundi vitatu au vinne vya miji tofauti vinachangia ada ya mtunzi, kila kimoja kinapata onyesho la kwanza la nchi au eneo lake, na gharama ya kila mmoja inashuka. Anayeanza huwa na wivu na "haki ya kwanza ya dunia". Mwachie mwenye pesa nyingi zaidi.

Na ukiitwa kupiga bure kwa ahadi ya kujulikana? Mwenda bure si mkaa bure, kweli, lakini mwenda bure amejilipia nauli. Kubali pale tu ambapo kazi hiyo tayari imo mikononi na rekodi nzuri ya onyesho itabaki kuwa yenu.

Kuchagua ala ni kuchagua maisha. Kwarteti ya nyuzi ndiyo njia iliyopitiwa zaidi. Kronos, iliyoanzishwa na David Harrington mwaka 1973 baada ya kusikia *Black Angels* ya George Crumb redioni, na Arditti ya London, iliyoanza 1974, zimeacha nyuma yao mamia ya kazi zilizoandikwa kwa ajili yao, na mtunzi yeyote anajua kuandikia ala hizo nne. Ushindani nao ni mkubwa kwa sababu hiyohiyo. Umbo la pili ni lile lililoachwa na *Pierrot lunaire* ya Schoenberg ya mwaka 1912: filimbi, klarineti, fidla, chelo na piano, pamoja na mwimbaji. Sharti lake ni kubadili ala. Mpiga filimbi awe na pikolo, wa klarineti awe na klarineti ya besi, wa fidla aweze kushika viola. Kundi la Marekani la Eighth Blackbird, lililoanza 1996, lilijenga jina kwa umbo hilo likaongeza ngoma na ala nyingine za kugongwa. Lakini jua kwamba mpiga ala za kugongwa mmoja hubadili bajeti nzima: lazima gari la mizigo, nafasi ya jukwaa, na saa mbili za kupanga kabla ya yeyote kupiga nota. Mkusanyiko wa ajabu, tuseme oboe, tuba na akodiani, unavutia kwenye bango, ila kila kitu itabidi kiandikwe upya, na programu kamili ya dakika 70 inaweza kuwachukua miaka mitatu.

Kwenye kuagiza kazi, watu huona aibu kuandika mkataba na rafiki. Andika. Uwe na urefu ("dakika 12, isizidi 15"), ala zote hadi ya mwisho, ada, na nani analipia uchapaji wa karatasi za kila mpigaji. Hili la mwisho husahaulika, kisha inatumwa patitura nzima (kitabu chenye sehemu za wote) bila karatasi za wapigaji na mtu anakesha akizikatakata kwenye kompyuta. Nusu ya ada ilipwe siku ya kutia saini, nusu nota zikifika. Tarehe ya kufika iwe miezi mitatu kabla ya onyesho, na isemwe kitakachotokea zikichelewa: tarehe inasogea au programu inabadilika, si kwamba nyinyi mnajifunza kwa wiki mbili. Ongeza mwaka mmoja wa nyinyi pekee kuipiga, na ruhusa ya kuirekodi.

Kabla ya yote hayo, msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mwiteni mtunzi kwa saa mbili akiwa na vipande vya majaribio tu. Mpeni video fupi ambapo kila mmoja anaonyesha anachoweza kwenye ala yake mwenyewe. Sababu ni ya kiufundi. Zile sauti mbili au tatu zinazotoka kwa pumzi moja kwenye klarineti hutegemea aina ya ala, kipande chake cha mdomoni na mwanzi wake. Vidole vilivyochorwa kitabuni vinaweza kutoa sauti kamili kwa mmoja na mluzi tu kwa mwingine. Mtunzi aliyeona video huandika kinachotoka. Asiyeona huandika matumaini.

Sasa mazoezi, mahali ambapo saa nyingi hupotea bure. Mtu asije zoezi la kwanza na karatasi yake pekee. Aje na patitura, na awe amechora kwa penseli pigo kuu la kila mpimo, hata pale ambapo yeye mwenyewe ananyamaza. Midundo iliyopachikwa haipigwi kwa kuhisi hadi ihesabiwe kwanza. Kama kasi ni mapigo 60 kwa dakika na mmepewa nota tano katika nafasi ya nne, kila nota ya tano hizo inakwenda kwa kasi ya 75. Saba katika nafasi ya nne, 105. Weka metronomu kwenye 75 upige tano zako, irudishe kwenye 60 upige nne, kisha zitembeze zote mbili mpaka mwili uzoee mruko kati yake. Mwenye hesabu hii ataufungua hata ukurasa wa Ferneyhough, mtunzi wa midundo migumu, bila kutetemeka, ingawa bado atatoa jasho.

Robo toni na sauti za asili (zinazotoka uzi ukiguswa kwa wepesi) nazo zina hesabu. Senti hapa si za nauli: ni vipande 100 vya nusu toni moja. Sauti ya tano katika mfuatano wa asili wa uzi huwa chini ya ile ya piano kwa senti 14, na ya saba kwa senti 31. Mkiwa na piano jukwaani, amueni mapema nani anamfuata nani, maana piano haiwezi kusogea. Fanyeni mazoezi juu ya sauti moja ndefu inayoshikiliwa na kifaa, si kwa kutazama mshale wa kipima sauti, kwa sababu jukwaani hakuna mshale.

Zoezi la kwanza la pamoja lipite kazi yote kwa nusu kasi bila kusimama. Kundi linalosimama kwenye mpimo wa nne hufika tamashani likiujua ukurasa wa kwanza kama jina lake na wa mwisho kama uvumi. Baada ya hapo gawanyeni: sehemu ngumu tatu kila siku, dakika 25 kila moja, na kila zoezi lirekodiwe. Andikeni kwenye karatasi nani anatoa ishara ya kuingia katika kila sehemu. Wawili wakitoa ishara moja, mnaingia mara mbili. Mtunzi aje katikati ya safari, wakati nota bado zinaweza kubadilishwa, na mpeni orodha ya makosa yenye namba za mipimo. Akija siku moja kabla ya onyesho atabadili kasi, nanyi mtatabasamu na kupiga ile ya zamani.

Vifaa huvunjika, na huvunjika kwa njia zinazojulikana. Kupiga nyuzi kwa ubao wa upinde hukwaruza vanishi na unaweza kuupasua, hivyo beba upinde wa pili wa kaboni kwa kazi hizo. *Black Angels* ya mwaka 1970 inadai glasi za kioo zilizojazwa maji kwa kipimo na kupigwa kwa upinde, maraka (kayamba za mkononi), matamtamu (gongo kubwa), vikofia vya kushonea vidoleni, na wapigaji kuhesabu kwa sauti katika lugha kadhaa, Kiswahili ikiwemo. Hapo angalau nusu ya kazi mnayo nyumbani. Glasi zijaribiwe na upinde kabla ya kununuliwa, kwani nyingi haziimbi, zibebwe mbili za akiba, na maji yajazwe ukumbini kwa sababu kiwango kikishuka sauti hupanda.

Piano iliyopachikwa misumari ya nati, skrubu na mpira kati ya nyuzi ni mazungumzo ya mapema na fundi wa ukumbi. *Sonatas and Interludes* ya John Cage, iliyokamilika 1948, inaandaa nota 45, na kuzipanga ni saa mbili hadi tatu. Mweleze fundi kwa maandishi nini kinaingia wapi na nani anakitoa. Ukumbi unaokataa mara nyingi umeogopa kwa sababu hakuna aliyeueleza. Hata pale mnapogusa nyuzi kwa vidole tu, nawa mikono na ufute nyuzi baadaye, jasho hutia kutu. Alama za kukuonyesha uzi zibandike kwenye vizimio (vidude vinavyozima sauti ya uzi), kamwe si kwenye uzi.

Kuhusu elektroniki, jambo moja linaua matamasha mengi kuliko mengine: faili la sauti lililorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde likichezwa na kifaa kilichowekwa 48,000. Mkanda (sauti iliyorekodiwa) unakwenda haraka kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda kwa karibu robo tatu ya toni. Katika kazi kama *Different Trains* ya Steve Reich, ambamo kwarteti inaiga maneno yaliyomo kwenye mkanda, hilo linasikika kwa sekunde ya kwanza. Hakikisha namba hizo kabla ya kupima sauti, beba kompyuta ya pili yenye faili zilezile, na zima masasisho na intaneti. Mdundo wa metronomu unaosikika sikioni kwa wapigaji uwe na mipimo miwili ya kuhesabu kabla ya kuanza.

Kuhusu fedha: hakuna kikundi kinachoishi kwa matamasha tu. Nguzo yenye mantiki zaidi ni ukaazi wa siku chache chuoni: kusoma kazi za wanafunzi wa utunzi, kurekodi, kufundisha mbinu, kisha tamasha moja. Toza kwa siku, si kwa idadi ya kazi, na weka kikomo cha dakika 25 kwa kila mwanafunzi, nota zifike wiki tatu kabla. Bila kikomo hicho utapokea kurasa 40 usiku wa kuamkia kikao. Wanafunzi hao ndio watunzi mtakaoagiza kwao kesho, kwa hiyo uwe mkweli nao na mpole.

Karibu kila mnachopiga bado kina hakimiliki, ambayo katika Umoja wa Ulaya na Uingereza hudumu miaka 70 baada ya mtunzi kufa. Leseni ya onyesho kwa kawaida hulipwa na ukumbi kwa chama cha hakimiliki kama GEMA ya Ujerumani, SACEM ya Ufaransa au PRS ya Uingereza, lakini orodha ya kazi na dakika zake kipelekeeni chama nyinyi wenyewe, vinginevyo mtunzi hapati chake. Ukodishaji wa nota ni gharama tofauti, nao uandikwe kwenye mkataba ni wa nani. Mkivuka mpaka, mikataba mingi ya kodi inaipa haki ya kukata kodi nchi mnakopigia. Marekani kwa kawaida hukata asilimia 30 ya malipo ghafi ya msanii mgeni, na kupunguziwa huhitaji fomu zilizowasilishwa mapema.

Ndani ya kikundi, gaweni malipo kwa hisa moja zaidi ya idadi yenu. Wapigaji wanne, hisa tano, ile ya tano ni ya kuagiza kazi na kununua vifaa. Andikeni jina la kikundi ni la nani mmoja akiondoka, na aondokaye atoe ilani ya miezi mingapi. Kazi ya simu na barua pepe ihesabiwe saa kama zoezi, maana daima humwangukia mmoja, na huyo ndiye wa kwanza kuchoka.

Kisha kila kazi iwe na sanduku lake: karatasi zenu zenye alama za vidole na upinde, faili za sauti na toleo la programu zilizotumika, mchoro wa jukwaa, rekodi ya onyesho la mwisho, na daftari la ishara. Nota za kukodi hurudishwa na hazinakiliwi, kwa hiyo alama zake ziandike daftarini kwa namba za mipimo kabla hamjazifuta. Miaka miwili baadaye simu ikiita na tarehe ni mwezi ujao, sanduku hilo ndilo linaloamua kama mtahitaji saa 28 au 128.