Mtoto amepitwa na chanjo ya wiki 10: je, aanze upya?

Mama wa Kisauni, Mombasa, anauliza: "Mwanangu alichanjwa wiki 6, kisha tukaenda Lamu tukakaa. Sasa ana miezi 5, ana mafua, na jirani anasema lazima aanze upya. Ni kweli?"

La, mama, haanzi upya. Mwili hauisahau dozi ya kwanza, hata pengo likirefuka. Kinachoharibu ni haraka: dozi mbili za chanjo ileile zikipishana chini ya wiki 4, ya pili haihesabiwi.

Mpeleke wiki hii pamoja na kijitabu cha kliniki. Hospitali za serikali hazitozi. Atadungwa pentavalenti paja la kushoto (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria ya homa ya uti wa mgongo) na ya nimonia paja la kulia, kisha matone ya polio na ya rota (kirusi cha kuhara) mdomoni. Kwa kuwa ameshapita wiki 14, umri wa sindano ya polio, kumbusha nayo pia. Hutolewa siku hiyohiyo. Dozi ya tatu ni baada ya wiki 4, akiwa na miezi 6, na hapo atapewa vitamini A. Usingoje zaidi, maana kifaduro huua hasa watoto wachanga na dozi moja haimtoshi.

Mafua si kizuizi, wala kikohozi au joto dogo. Kizuizi ni kama sindano ya kwanza ilimfurisha uso na kumbana pumzi, au alipata degedege baadaye. Hilo mwambie muuguzi kabla hajavuta dawa kwenye sindano.

Usiku wa siku ya chanjo huenda akapata homa. Kwa mtoto wa kilo 6, parasetamoli ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5 mpe mililita 2.5, kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Usimpe kabla ya sindano, na paja usilikande kwa maji moto. Homa ikipita siku mbili, au akikataa kunyonya, mrudishe.

Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na 18. Hapa wengi hukwama: chupa ina dozi 10, na ikishachanganywa humwagwa baada ya saa 6, kwa hivyo baadhi ya kliniki hungoja watoto wakusanyike. Mimi naona chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ukiambiwa urudi, uliza siku wanayofungua, iandikwe kijitabuni.