Magarasa ya drafti: msimlaumu kijana, mwulizeni aliyelipa

Kila Aprili timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikianza. Hiyo ndiyo drafti. Ikimalizika, mashabiki huanza kufukua makaburi ya magarasa, yaani waliochaguliwa mapema wakashindwa. Wiki hii nimechukua maswali yanayohusu majuto hayo tu. Yale ya "nani atakuwa bingwa" yasubiri.

Shikamoo mzee. Kijiweni kwetu ubishi hauishi: garasa kubwa kuliko yote ni Ryan Leaf au JaMarcus Russell? Tumalizie. (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Hauishi kwa sababu kila mmoja wenu anataja takwimu za uwanjani, na uwanjani wote wawili, makwotabeki, yaani warusha pasi wa timu, walikuwa vibaya. Angalieni bei.

Leaf alichaguliwa wa 2 mwaka 1998, nyuma ya Peyton Manning, kwotabeki aliyekuja kuwa gwiji. Hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni namna San Diego Chargers walivyoipata nafasi hiyo. Walikuwa na chaguo la 3. Ili wapande ngazi moja waliwapa Arizona chaguo lao hilo, la raundi ya pili mwaka uleule, la raundi ya kwanza la 1999, na wachezaji wawili juu yake, Eric Metcalf na Patrick Sapp. Yote hayo kwa ngazi moja! Katika mechi yake ya tatu, kule Kansas City, Leaf alirusha pasi 15, ikafika 1, yadi 4, na mbili zikaishia mikononi mwa wapinzani. Msimu wake wa kwanza uliisha kwa pasi 2 tu za tachidauni (bao la mchezo huu) na pasi 15 zilizonaswa na wapinzani.

Russell ni hesabu nyingine. Oakland Raiders hawakununua ngazi yoyote. Msimu wa 2006 walishinda mechi 2 kati ya 16, nafasi ya kwanza ya drafti ya 2007 ikawa yao. Kosa lilianzia kwenye mkataba: walivutana naye hadi Septemba 12, timu imeshacheza mechi ya kwanza, ndipo akasaini kwa takriban dola milioni 61, zaidi ya nusu zikiwa za uhakika. Kwotabeki mgeni, yaani wa mwaka wa kwanza, aliyekosa kambi nzima ya mazoezi, ndani ya timu iliyokuwa ikifukuza makocha, mlitegemea nini? Alianza mechi 25, akashinda 7. Mei 2010 wakamwacha. Na waliomfuata siku ile ni Calvin Johnson, Joe Thomas, Adrian Peterson, Patrick Willis na Darrelle Revis, wote leo wamo kwenye Jumba la Heshima, panapoenziwa magwiji wa mchezo huu.

Mkinibana, nasema Leaf. Russell aliondoka na fedha na miaka mitatu. Leaf aliondoka na fedha, miaka mitatu, na drafti ya mwaka uliofuata. Halafu janga la fedha za Russell halijirudii kirahisi, maana mwaka 2011 mishahara ya wageni iliwekewa kiwango. Sam Bradford, chaguo la 1 la 2010, alihakikishiwa dola milioni 50. Cam Newton aliyemfuata mwaka mmoja baadaye alipewa mkataba mzima wa milioni 22. Ila kumpandia mtu ngazi kwa bei ya Leaf kunaruhusiwa mpaka kesho.

Kwa nini timu zote zilimwacha Tom Brady mpaka namba 199? (Wasomaji sita, miji mbalimbali)

Kwa sababu hakuna aliyejua kwamba angekuja kuwa kwotabeki mwenye mataji mengi kuliko wote, hata New England wenyewe waliomchukua, ambao walichagua watu sita kabla yake. Nimelijibu hili mara nyingi mno, naomba liishie hapa. Kumkosa Brady si uzembe wa timu fulani. Wote walimkosa.

Sisi wa Chicago Bears tutalia mpaka lini kwamba tulimchukua Mitchell Trubisky tukamwacha Patrick Mahomes? (Msomaji, Chicago)

Lieni, ila lieni mahali panapostahili. Kumwacha Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa, si nyie peke yenu, alikaa mpaka namba 10. Jeraha lenu ni lilelile la San Diego: mwaka 2017 mlikuwa na chaguo la 3, mkawalipa San Francisco machaguo matatu ya ziada mpande hadi la 2. San Francisco wakashuka ngazi moja na kumchukua mlinzi, Solomon Thomas. Hawakumtaka kwotabeki yeyote pale juu! Mlinunua kwa bei ya mnada bidhaa ambayo muuzaji hakuwa na haja nayo. Mlipigwa.

Watafiti wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walizipima drafti za miaka mingi. Waliona kwamba ukimlinganisha mchezaji na yule anayechaguliwa nyuma yake kwa nafasi hiyohiyo uwanjani, wa mbele humshinda wa nyuma kwa takriban asilimia 52. Ni karibu sawa na kurusha sarafu. Sasa mtu anayetoa mali ya miaka miwili ili awahi sarafu, huyo mwulizeni maswali. Trubisky hakujipandisha bei mwenyewe.

Nimehamia Ohio mwaka jana, kazini wamenilazimisha niwe shabiki wa Cleveland Browns. Nimeambiwa nijiandae kuumia. Ni kweli? (Msomaji, Columbus)

Karibu sana, dada. Ni kweli.

Nilipofanya kazi ghalani katika jimbo hilohilo, tulikuwa na mzee mmoja wa zamu ya usiku aliyekuwa na jezi ya Browns namba 2. Aliinunua 1999, mwaka timu iliporudi Cleveland na kumchukua Tim Couch wa kwanza kabisa. Mwaka 2014 walipomchukua Johnny Manziel, naye akavaa namba 2, mzee hakununua jezi mpya. Alimpa mkewe ile ya zamani, akafumua jina la Couch na kushona la Manziel. Uzi wa rangi ya machungwa wa safari ya pili haukulingana na ule wa kwanza, na ukiisogelea ungeziona tundu za sindano za herufi za Couch chini ya herufi mpya. Manziel alipoachwa Machi 2016, jezi ile ikawa ya kufutia theluji kwenye kioo cha gari.

Nimekaa na tundu zile kichwani miaka yote hii, maana ndizo historia ya timu yako. Couch hakuwa garasa. Alitupwa nyuma ya walinzi wa timu iliyoanza upya, akaangushwa mara 56 katika msimu wake wa kwanza, na bado mwaka 2002 alikuwa kwotabeki wa timu iliyofuzu mchujo.

Mnyororo wa baadaye ndio unaotia uchungu. Mwaka 2012 Browns walikuwa na chaguo la 4, wakatoa machaguo matatu ya ziada wapande hadi la 3 wamchukue mkimbiaji Trent Richardson. Umeona? Ngazi moja tena. Siku ileile, kwa chaguo la 22, wakamchukua kwotabeki Brandon Weeden, mtu wa miaka 28 tayari, wakati Russell Wilson, kwotabeki nyota wa baadaye, alikaa mpaka namba 75 Seattle wakamwokota. Septemba 2013 Richardson akauzwa Indianapolis kwa chaguo la raundi ya kwanza. Lilikuja kuwa la 26. Wakaliongezea la raundi ya tatu, wakapanda hadi la 22, wakamchukua Manziel. Kosa moja likazaa jingine, na kila ofisi mpya ilipoingia ilifukuza kocha, ikamkuta kijana asiye wake, ikamtupa, ikaanza upya. Mwaka 2017 walipoteza mechi zote 16.

Kwa hiyo dada, jezi nunua, lakini usishone jina la mgeni. Mpe misimu miwili kwanza.

Hapa kwetu tunamdai sifa Tim Biakabutuka, lakini nasoma Wamarekani wanamwita garasa la Carolina. Haki iko wapi? (Msomaji, Lubumbashi)

Nashukuru kwa swali hili, kaka, maana linaniuma nami.

Tshimanga (ndiye Tim) Biakabutuka, mkimbiaji, alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akalelewa Quebec, Kanada, akachezea Chuo Kikuu cha Michigan. Novemba 1995 aliwakimbilia Ohio State yadi 313 katika mechi moja, Ohio State ambayo ilikuwa haijafungwa msimu mzima. Upande wa pili siku ile alikuwa Eddie George, aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, wiki chache baadaye. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Basi 1996 Carolina Panthers walipomchagua Biakabutuka wa 8, na George akachukuliwa wa 14 na Houston Oilers, hakuna aliyeshangaa.

Mwaka wa kwanza Biakabutuka alicheza mechi 4, goti likakatika. George akawa mgeni bora wa mwaka upande wa ushambuliaji, akaendelea kuanza kila mechi kwa misimu minane. Hapo ndipo majuto yanapotoka. Ila wanaojuta wanaficha kitu: msimu uleule Anthony Johnson alishika nafasi ya Biakabutuka, akakimbia yadi 1,120, na Panthers, timu yenye umri wa miaka miwili, wakafika fainali ya NFC, moja ya nusu mbili za ligi. Timu haikuanguka. Na kijana wenu alirudi, 1999 akakimbia yadi 718.

Goti halichagui jina. Mtu aliyeumia mwiteni aliyeumia.

Daniel Adongo wetu alikuwa chaguo la raundi ya ngapi? (Msomaji, Nairobi)

Hakuna raundi. Adongo hakupita kwenye drafti. Indianapolis Colts walimsajili 2013 akitokea kwenye raga. Tafadhali someni kidogo kabla ya kuandika. Swali hili limekuja mara tatu mwezi huu.

Pittsburgh Steelers walimwacha Dan Marino, mtoto wa mjini kwao, wakamchukua Gabe Rivera. Si ndilo chaguo la kijinga kuliko yote? (Msomaji, Toronto)

Hapana, na ningeomba uzime moto kidogo. Ni kweli Marino, kwotabeki aliyekuja kuwa gwiji, alizaliwa Pittsburgh, akasoma Pittsburgh, na mwaka 1983 akateleza mpaka namba 27 kwa Miami, huku kwotabeki wao Terry Bradshaw akibakiza mechi moja ya maisha yake ya mpira. Kumwacha lilikuwa kosa. Lakini Rivera, aliyechaguliwa wa 21, alicheza mechi 6 tu, Oktoba ikaja ajali ya gari iliyompooza. Hakusimama tena. Kuna mashabiki wanaoliweka jina lake kwenye orodha za kuchekesha. Mimi siliweki, na aliyeliweka aliondoe.

Vilevile Ki-Jana Carter, chaguo la 1 la 1995: Cincinnati walipanda kutoka la 5 kumfuata, na goti likaenda mara ya tatu tu alipokabidhiwa mpira, tena mechi za kujipasha.

Na Tony Mandarich? (Msomaji, Milwaukee)

Huyo ndiye tofauti na hao walioumia. Mwaka 1989 Green Bay Packers walimchagua wa 2. Wa 1 alikuwa Troy Aikman, wa 3 Barry Sanders, wa 4 Derrick Thomas, wa 5 Deion Sanders. Wanne wote wako kwenye Jumba la Heshima, yeye peke yake hayumo. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alitumia dawa za kutunisha misuli akiwa chuoni. Packers walinunua mwili ambao haukuwa wake.

Ninyi vijana wa jimu mnaoniandikia kuuliza sindano gani inaongeza kifua haraka, someni aya hiyo tena. Sitawajibu.

Mwaka huu nani atakuwa garasa? Nataka kuweka mkeka. (Msomaji, Mwanza)

Usiweke. Watu wanaolipwa kwa kazi hii mwaka mzima hukosea karibu nusu ya wakati, wewe unakwenda na kodi ya nyumba.

Bo Jackson aliyewakataa Tampa Bay 1986 anahesabika? (Msomaji, Mombasa)

Kama aibu ya ofisi, ndiyo. Walimwambia safari ya kwenda kwao kwa ndege ya mmiliki imeruhusiwa na kanuni za vyuo, haikuwa imeruhusiwa, akapoteza haki ya kucheza besiboli chuoni. Akaapa hatawachezea, wakamchagua hivyohivyo, akaenda zake kucheza besiboli Kansas City. Aliwaambia mapema kabisa.

Bryce Young tumwite garasa sasa? Carolina walitoa mali nyingi mno. (Msomaji, Charlotte)

Mali ni nyingi kweli: mpokeaji DJ Moore na machaguo manne, moja likawa la kwanza kabisa la 2024, Chicago wakamchukua Caleb Williams. Mwaka wake wa kwanza timu ilishinda mechi 2. Msimu wa pili wakamweka benchi baada ya mechi mbili tu, aliporudi akacheza vizuri kuliko awali. Mdaini aliyekubali mabadilishano yale. Kijana mwacheni acheze.

Wa Philadelphia watakumbuka: 1999 mashabiki walisafiri mpaka New York kumzomea Donovan McNabb jukwaani, walimtaka mkimbiaji Ricky Williams. New Orleans walitoa drafti yao nzima ya mwaka ule, pamoja na machaguo mawili ya 2000, kumpata Williams. McNabb aliwafikisha Eagles wa Philadelphia Super Bowl, fainali ya ligi.

Huyo Leaf yuko wapi siku hizi? (Msomaji, Zanzibar)

Baada ya mpira alizama kwenye vidonge vya maumivu. Mwaka 2012 alifungwa kule Montana kwa kuvunja nyumba na kuiba dawa, akatoka Desemba 2014. Amesimulia mwenyewe kwamba gerezani mwenzake wa chumba kimoja, aliyewahi kuwa askari, alimsukuma aende maktaba akawafundishe kusoma wafungwa wasiojua. Akaenda, na kesho yake akarudi tena. Siku hizi anazunguka akizungumza na watu wanaojinasua na uraibu.

Jina lake bado mnaliita tusi kijiweni.