Bati linazuia, halinyonyi

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wahangaike kuchanganya kaboni na chuma ili kunyonya mawimbi ya rada, wakati bati tu linayazuia. Bati linayarudisha yalikotoka. Kunyonya ni wimbi kuingia, kisha kufia ndani na kugeuka joto. Kaboni inakula upande wa umeme wa wimbi. Vichembe vya chuma, nikeli au kobalti vinakula upande wa sumaku. Ila kaboni ikizidi, mchanganyiko unapitisha umeme mno na unaanza kuakisi kama bati lenyewe. Wengi hukwama hapo.

Kwa hapo Dodoma, usihangaike na malighafi ya kaboni: matawi ya mizabibu yanayopogolewa yanafaa kabisa. Saga, loweka kwenye maji yenye chumvi ya chuma (kemikali ya chuma inayoyeyuka majini), kausha, choma kwenye tanuru la maabara lenye nitrojeni, nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi. Mkaa wa gunia haufai, kwa kawaida haujafikia joto hilo. Baadaye sogeza sumaku: unga ukiirukia, upande wa sumaku upo. Kwenye vipimo lenga desibeli -10, yaani kinachorudi ni 10% tu ya nguvu ya wimbi.