Ndoo na setilaiti hazikubaliani

SWALI: Sisi manahodha wa Shela, Lamu, tunawapimia watafiti joto la bahari kwa ndoo. Mbona vipimo vyetu havilingani na vya setilaiti?

JIBU: Huenda hamkosei. Setilaiti ya infraredi (miale ya joto isiyoonekana kwa macho) huona utando wa juu tu, usiofika milimita moja; ndoo huchota chini yake. Ila ndoo nayo ina vituko: jua huyapasha maji, upepo wa kusi huyapoza kwa kuyageuza mvuke. Chota mbali na maji yanayotoka kwenye injini, weka kivulini upesi, zamisha kipimajoto dakika moja, usome kikiwa bado majini. Andikeni mahali na saa. Hapo ndipo wengi huharibu: saa 4 asubuhi yenu, kwa watafiti wanaofuata saa za Greenwich, zilizo nyuma ya zenu kwa saa tatu, ni 07:00.