Uunge kompyuta ya gemu mwenyewe ukiwa Tabora?

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko Tabora, unataka kompyuta ya gemu, pesa ni ya kujibana, na unaogopa kuagiza vipuri Dar halafu kimoja kigome. Una haki ya kuogopa. Kurudisha kifaa kibovu Kariakoo kwa basi ni gharama nyingine, na muuzaji akijua uko mbali, simu hapokei.

Bajeti ikiwa ndogo, usianze na sifuri. Tafuta kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, uiongezee SSD (diski ya kuhifadhi yenye kasi) na kadi ya grafiksi (kipuri kinachochora picha za gemu). Chukua ile ya umbo la mnara. Zile nyembamba hazipokei kadi ya kimo cha kawaida. Pia pawa saplai zake, yaani kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo tafuta kadi isiyozidi wati 75, inayopata umeme kwenye madabodi (ubao mkuu unaounganisha vipuri) bila waya wa ziada. Baadhi ya kadi za GTX 1650 ziko hivyo.

Pesa ikiruhusu, iunge mwenyewe kipuri kwa kipuri. Kukaza skrubu si kazi. Kazi ni kulinganisha. Prosesa, ubongo wa kompyuta, iendane na soketi (tundu lake) ya madabodi, na ramu (kumbukumbu ya muda) ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, hata ubembeleze vipi. Uliza mapema kama muuzaji atakubali kuijaribu kadi huku unaona kwa video.

Usibanie pawa saplai wala UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), umeme wetu unaujua. Pawa saplai ikinuka, mpe fundi. Usiifungue: hushika chaji hata ukishachomoa waya.

Unacheza gemu gani hasa?