Ndiyo, nataka kubadili kazi

Mdogo wangu, juzi uliniuliza kwenye kundi la familia: "Dada, mtu analipwa kwa pauni, anataka kuhama kazi ya nini?" Shangazi naye akasema wenzangu wanaililia kazi hiyohiyo. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa barabarani. Leo nimepumzika, nawajibu.

Kazi yenyewe naipenda, hilo mlijue kwanza. Nahudumia wazee majumbani kwao hapa Leicester, Uingereza: nawaogesha, nawavalisha, nawapa dawa. Wapo wanaomcheka mama kwamba mwanawe anaosha wazee wa watu. Mimi sioni aibu. Bibi alipolala kitandani pale Makorora, si sisi tuliokuwa tunamgeuza?

Kinachonimaliza ni mpangilio. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 4 usiku, na katika saa hizo 16 nalipwa 9, maana malipo ni pale ninapokuwa ndani ya nyumba ya mzee tu. Kuendesha gari kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, au kukaa garini mchana nikisubiri zamu ya jioni, havihesabiwi. Kwa hiyo mnapozidisha pauni 12.82 kwa saa za siku nzima, mnajidanganya.

Yupo mzee mmoja wa miaka 91, zamani dereva wa treni. Amepangiwa dakika 30. Nikiingia nagusisha simu mlangoni, muda unaanza kukimbia. Vidole vyake havikunji tena, na fulana hataki, anataka shati. Vifungo peke yake vinakula dakika 5. Wiki iliyopita alinishika mkono akaanza kunisimulia habari za marehemu mkewe. Namwitikia, jicho liko kwenye simu. Akaona. Akaniachia mkono, akaniambia niende, wengine wananisubiri. Nililia garini, na siku ile ndipo nilipoamua.

Lakini kuacha hivihivi siwezi. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri aliyenidhamini. Nikiondoka, uhamiaji wakaikatisha, kwa kawaida napewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine, nikikosa nifungashe. Na tangu Julai 2025 Uingereza imeacha kuajiri wahudumu wapya kutoka nje, kwa hiyo nikirudi Tanga sina pa kuingilia tena. Natafuta nikiwa kazini, na sihami mpaka viza mpya itoke.

Nimeitwa usaili Alhamisi, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kiwango cha saa ni kilekile, ila zamu ni moja, wazee wote wako chini ya paa moja, na mtu unaweza kukaa naye akamaliza hadithi yake. Nikipita, maombi ya viza yatakula akiba yangu. Ada ya mtoto wa kaka nitatuma kama kawaida, ukuta wa uani ungoje. Mama nimeshamweleza, amekubali. Wewe niongelee na fundi.